Hedwiga na neno la Padre Paskali

Alhamisi ile mke wangu Hedwiga aliamka kabla yangu, kama kawaida. Akawasha moto, akapika uji, wangu akaufunika kwa sahani. Ukungu ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Viroba viwili vya tangawizi vilikuwa barazani tangu jana yake, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Kile kikubwa alikuwa amekwisha kukifunga kamba.

Nikamwambia, "Mama Irine, chukua hicho kidogo. Kikubwa watakuja kukibeba wenye bodaboda."

"Bodaboda haipandi huku tangu mvua ilipokata njia. Unajua hilo."

"Basi kingoje."

"Tangawizi ikingoja inanyauka kama wewe."

Akasokota majani makavu ya mgomba, akafanya kata, akaiweka kichwani. Akainama mbele ya kiroba kikubwa.

"Nitwike."

Nikamtwika. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Kwetu mwanamke hajitwiki mzigo mzito peke yake, lazima pawe na mtu wa kuunyanyua naye mpaka ukae kichwani. Miaka arobaini na tisa mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipouachia, shingo yake ilitetemeka kidogo, ikatulia.

"Umekaa?"

"Umekaa. Uji wako unapoa."

Akashuka. Nikaiona kanga yake mpaka kwenye kona ya migomba, halafu ukungu. Saa nne wakaja kuniambia ameanguka sokoni Myamba. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haushiki kitu. Wakamshusha Same, hospitali. Akaishi siku sita.

Mimi naitwa Zebedayo. Shule sikwenda. Kuandika nilijifunza nikiwa na mke na watoto, kwenye kisomo cha watu wazima pale usharikani, na mpaka leo naandika polepole kama mtu anayepanda maharage. Naandika haya yasomwe siku ya misa ya mwaka mmoja ya Hedwiga. Kaburini ulisomwa wasifu wake. Walisema ameacha watoto wanne. Si kweli. Alizaa watano. Aliyesema wanne ni mimi.

Alizaliwa ng'ambo ya bonde, binti wa mzee Clemence, aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa Katoliki. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa ili kaka zake wasome. Alikuwa na sauti. Utotoni aliimba misa kwa Kilatini, kabla hawajabadilisha kuwa Kiswahili, na yale maneno yalimbakia mdomoni maisha yake yote. Akichambua mboga alikuwa akiyaimba. Maana hakuijua.

Alipofika miaka kumi na tisa alishuka tambarare, kwenye shamba la mkonge, akapika kwenye jiko la vibarua. Mle walikuwamo watu wa kila mkoa. Baada ya mwaka akapanda mlima na mimba. Aliyempa mimba alikuwa amehamia shamba jingine, na kutoka hapo hakuna aliyejua alikokwenda. Jina la mwanaume huyo Hedwiga hakuniambia, nami sikumwuliza. Asidhani mtu kwamba ulikuwa wema wangu. Sikutaka awe na jina.

Mtoto akazaliwa mwaka sabini na tatu. Wakamwita Vitus.

Mimi nilimwona Hedwiga miaka miwili baadaye, siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tunazibua bwawa la kumwagilia. Wanaume tulikuwa ndani ya tope, wanawake wanapokea ndoo. Ndoo yangu ilimfikia nusu.

"Wewe Mlutheri," akasema, "unazibua bwawa au unalibatiza?"

Watu wakacheka. Nikajaza ndoo iliyofuata mpaka ikamwagika. Akaipokea, akaimwaga kwenye miguu yangu, akairudisha. Nikajua nitamwoa.

Kwetu walikataa mara mbili. Kwanza dini. Pili mtoto. La dini niliwashinda, nikasema kila mtu atasali kwake. La mtoto sikushindana nao, kwa sababu mimi mwenyewe sikumtaka. Nikampelekea Hedwiga sharti: mtoto abaki kwa bibi yake.

Wiki moja kabla ya ndoa alikuja kwangu, nyumba hii hii, wakati huo ikiwa ya udongo. Alikuja na mtoto. Akamweka chini uani, akarudi nyuma hatua mbili. Vitus alikuwa na miaka mitatu. Akanitazama, akaja moja kwa moja, akasimama miguuni pangu, akanyanyua mikono yote miwili, kama wanavyofanya watoto wakitaka kubebwa.

Nilikuwa na jembe mkononi. Sikuliweka chini. Nikampita kwa upande, nikaenda shambani.

Niliporudi, uani palikuwa patupu. Alikuwa amembeba, akamrudisha ng'ambo kwa mama yake. Wiki iliyofuata tukaoana. Habari ya siku ile hakuitaja tena, nami nikadhani imekwisha.

Tukapata watoto wanne: Irine, Rogers, Tumainieli na Agape. Huku kwetu akaitwa Mama Irine. Ng'ambo, na kwenye jumuiya yake ya Wakatoliki, waliendelea kumwita Mama Vitus. Bonde ni moja, mtu ukipiga kelele huku kule wanasikia, lakini alikuwa na majina mawili, akivuka mto anabadilisha kama mtu anayevua viatu. Siku moja mwanamke wa jumuiya alifika mlangoni akaita, "Hodi, Mama Vitus." Nikamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo. Hedwiga alikuwa ndani, alisikia. Akatoka, akasema, "Karibu mwenzangu," akamletea kiti.

Kila Jumapili baada ya misa alikwenda ng'ambo na kikapu, akarudi jioni. Niliona kikapu kikienda kizito kikirudi chepesi. Sikuuliza. Nilijisifu hata, nikawaambia wenzangu kwamba mimi simzuii.

Alikuwa mtu wa kazi. Tangawizi ilipoingia huku, wanaume tulikuwa bado tunalilia kahawa. Yeye akapanda robo ya shamba bila kuniambia, akaniambia ni maua. Alikuwa akitia chumvi nyingi kwenye mboga. Nilikuwa nikimtania kwamba Wakatoliki wanapiga magoti na kusimama kama watu wanaotafuta sindano, naye akisema sisi nyimbo zetu zinamletea usingizi kabla ya mahubiri. Nyumba ilikuwa na kicheko. Hilo nalo niliandike. Lakini kicheko chake kilikuwa na mahali kinapokoma, na mimi nilipajua, nikawa napazunguka.

Vitus akasoma kwa jina la babu yake, Vitus Clemence. Akamaliza, akashuka kule kule alikoanzia, kwenye mkonge, akawa fundi wa matrekta. Akaoa. Hedwiga alikwenda harusini peke yake, nami nikasema mguu unauma.

Sasa habari ya Padre. Padre Paskali alikuwa mtu wa Ugweno, alifundisha Kilatini seminari miaka mingi. Alipozeeka macho yakaisha, wakampa nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Jumatano Hedwiga alimpelekea uji na kumfulia. Jumatano moja, ni miaka tisa sasa, alirudi akaniambia, "Leo Padre amenifundisha Kilatini."

"Utaihubiria tangawizi."

"Sikiliza kwanza."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha, maharage yako motoni. Akaeleza kwamba alimwuliza Padre lile neno la kwenye wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu, tollis, alilokuwa akiliimba tangu utoto, maana yake nini. Padre akacheka, akasema umelitia mdomoni miaka hamsini ndiyo unauliza leo. Akapapasa kalenda ukutani, akachana karatasi ya mwezi uliopita, akaandika kwa herufi kubwa kama vipofu wanavyoandika: tollere, ndilo neno lenyewe.

"Halafu akaiangusha fimbo yake makusudi. Akaniambia, inua. Nikainua. Akasema, hiyo ndiyo maana ya kwanza, kuinua kitu kilicho chini. Fimbo, jiwe, mzigo."

"Hata mimi ningekufundisha hiyo."

"Akaniambia, sasa toka nayo nje. Nikatoka nayo. Akaniita kwa ndani, akasema fimbo haipo tena humu, hiyo ni maana ya pili, kuondoa. Ndiyo ile ya Mwanakondoo kuondoa dhambi. Nikamwuliza, Padre, kwa hiyo anayetaka kuondoa kitu lazima kwanza akiinue yeye? Akasema, Hedwiga, ningekuwa na wanafunzi kama wewe nisingezeeka."

Akacheka kidogo. Akaendelea kuchambua mchicha. Nikadhani yamekwisha.

"Iko ya tatu," akasema. "Alisema Warumi wa zamani, mtoto akizaliwa, wanamlaza chini mbele ya baba. Baba akiinama akamwinua, basi huyo ni mwanawe, anapewa jina, anahesabiwa. Neno ni hilo hilo."

Nikauliza, sijui kwa nini niliuliza, "Na asipomwinua?"

"Anabaki chini. Wengine waliwatoa wakawaacha nje ya mji. Akipita mtu akamtaka, anamwokota."

"Watu wabaya."

"Hata mimi nilisema hivyo. Padre akasema hapana, walikuwa watu wa kawaida."

Alikuwa ameacha mchicha. Ananitazama. Hakukasirika. Alikuwa anangoja, kama siku ile uani aliporudi nyuma hatua mbili.

Nikasema, "Maharage yanaungua."

Hayakuwa yanaungua. Akaenda akayakoroga.

Baada ya hapo aliuliza mara moja tu, Krismasi ya mwisho kabla hajafa. "Baba Irine, Vitus anataka kupanda na watoto wake, watuone. Nimwambie nini?"

"Waje. Nyumba ni yako."

"Sikuuliza nyumba ni ya nani. Nauliza mbele ya wale watoto utamwita nani wako."

"Nitamwita Vitus."

Akasema haya. Vitus hakuja Krismasi ile.

Alipofariki alikuja. Gari lililobeba jeneza lilikwama pale njia ilipokatika, wanaume wakabeba jeneza mabegani kupanda huku. Walikuwa wakipokezana kila kona. Vitus alishika mbele kushoto tangu barabarani, na kila alipokuja mtu kumpokea alikataa kwa kichwa. Alifika uani shati limeganda mwilini. Akaliweka jeneza chini polepole, akanijia.

"Shikamoo mzee. Pole."

"Marahaba. Pole na wewe."

Basi. Nilimwambia pole na wewe, kama jirani.

Mdogo wangu Sadock, aliyekuwa karani wa kijiji, alikuwa mezani anaandika wasifu. Ana mwandiko mzuri na anaupenda. Akaita, "Kaka, nimefika kwenye watoto. Niandike wangapi?"

Irine alikuwa anapanga vikombe. Akasema, "Baba mdogo, watano. Unajua ni watano."

"Najua alizaa wangapi, mwanangu. Nauliza ukoo huu unasomewa wangapi. Hilo ni la mwenye nyumba." Akanyanyua kalamu, akanitazama. "Na ukisema, kaka, sema ukijua kwamba wiki ijayo watauliza na shamba."

Irine akasema, "Baba."

Aliniita tu.

Nitasema kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu Sadock siku hizi anapita akisema kaka alichanganyikiwa na msiba. Sikuchanganyikiwa. Shamba halikunisumbua, migomba yenyewe imezeeka. Niliogopa kwamba nikisema watano leo, mbele ya kanisa lake na usharika wangu, kila mtu atajiuliza nilikuwa wapi miaka arobaini na tisa. Niliona ni rahisi kuendelea kuwa mtu niliyekuwa.

Nikasema, "Andika wanne."

Akaandika.

Ukasomwa. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mbele, mikono juu ya fimbo. Kwenye jumuiya yake wanawake wakaguna, sauti ndogo ikapita kama upepo kwenye majani ya mgomba. Wakaita watoto wa marehemu waje watie udongo. Wakaenda wanne. Irine alifika ukingoni, akageuka, akamtafuta kaka yake kwa macho. Vitus alikuwa nyuma, na vijana waliochimba. Akamtikisia kichwa: endelea. Halafu walipomaliza wenye kuitwa akachukua koleo, akafukia. Alifukia mpaka mwisho, wengine wakipumzika.

Jioni ile ile akaja kuniaga.

"Ninashuka, mzee."

"Hukai matanga?"

"Nakaa kama nani?"

Akashuka.

Miezi mitatu nilikaa na hilo. Uji nikapika mwenyewe. Mwezi wa nne nikavaa koti, nikateremka kwa miguu mpaka barabarani, nikapanda gari la Same, halafu jingine mpaka shambani kwao. Nikamkuta kwenye karakana, amelala chini ya trekta, miguu tu inaonekana. Nikaita. Akatoka, mikono imejaa grisi. Akaniletea ndoo, akaigeuza nikae juu yake.

"Shikamoo mzee. Kuna ugonjwa nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna ugonjwa. Nimekufuata wewe."

"Mimi?"

"Nimekuja kusema wewe ni mwanangu."

Alifuta mikono kwa kitambaa. Alifuta muda mrefu. Ana macho ya mama yake, nilikuwa sijawahi kuyatazama karibu hivyo. Mafundi wawili walikuwa wanapiga nyundo upande wa pili, hawakusikia.

"Nina miaka hamsini na mbili, mzee," akasema. "Uzito wangu huuwezi tena."

"Mama yako alikwambia lile neno?"

"Aliniambia. Aliniambia pia jioni ile hukula maharage."

Hata mimi nilikuwa nimesahau hilo.

"Sikukasirikii," akasema. "Bibi yangu alinilea, sikulala njaa. Lakini wewe wanne uliwasema mbele ya watu, mchana, mama yangu akiwa ndani ya sanduku. Mimi unakuja kuniambia nyuma ya trekta."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Mimi siyo niliyeyasema."

Akanisindikiza mpaka kituoni. Akanilipia gari, akamwambia kondakta, "Huyu mzee anashuka njia panda ya mlimani, msimpitishe." Hakusema huyu baba. Gari lilipoondoka nikageuka kumpungia, alikuwa amekwisha kurudi kazini.

Ndiyo maana naandika. Nimemwambia Irine ayasome haya siku ya misa, pale pale uliposomwa wasifu, watu wale wale wakiwapo, na Sadock awepo. Nimempelekea Vitus habari ya siku. Hajajibu kama atakuja. Akija, akisimama tena na wachimbaji, sitamlaumu. Wasifu wa Hedwiga binti Clemence ni huu: aliacha watoto watano, Vitus, Irine, Rogers, Tumainieli na Agape. Wa kwanza aliwekwa chini mbele yangu, nami nilipita.

Imebaki moja, na bila hiyo mtu anaweza kunihurumia. Anaweza kusema mzee hakujua mkewe alitaka nini mwishoni, kiharusi kilimziba mdomo. Hakikumziba. Siku ya nne pale hospitali, siku mbili kabla hajafa na tatu kabla sijamjibu Sadock, ulimi ulimrudia. Nesi alikuja na karatasi za kujaza, binti mdogo mwenye adabu. Akauliza, "Bibi ana watoto wangapi?" Nikajibu mimi, nimesimama upande wa kichwani. Nikasema wanne. Hedwiga akafumbua macho. Akamshika nesi mkono kwa ule wa kushoto uliokuwa mzima, na maneno yakatoka moja moja, lakini yakatoka yote:

"Andika watano, mwanangu. Huyu anahesabu wa kwake."